Anakunywa ili apate nini? Maswali yenu kuhusu vijana na pombe

Barua za safari hii zimetoka kwa wazazi, mwalimu mmoja na vijana wenyewe. Tumezifupisha na majina tumeyaacha. Kama kuna kijana mbele yako sasa hivi aliyelewa na haamki, usianze kusoma hapa juu. Nenda moja kwa moja kwenye swali la tatu.

Nimekuta kichupa cha pombe kali kwenye begi la mwanangu wa miaka 15. Hapa nyumbani hatunywi, na darasani anafanya vizuri. Kila ninayemweleza ananiambia ni marafiki wabaya. Ni kweli? Na nianzie wapi? – Mama

Marafiki wana sehemu yao, mama, lakini ukianza na "marafiki wabaya" mazungumzo yatafungwa kabla hayajafunguliwa. Mtoto ataanza kuwatetea wenzake, wewe utaanza kuwashtaki, na kile kichupa kitasahaulika mezani.

Wanaochunguza unywaji wa vijana huzigawa sababu zao katika mafungu manne. Wapo wanaokunywa ili wachangamke na wenzao. Wapo wanaotafuta ile raha ya kulewa yenyewe. Wapo wanaokunywa ili kutuliza kitu kinachowauma: woga, huzuni, mawazo yanayowanyima usingizi. Na wapo wasioipenda hata ladha yake, ila wanaogopa kuachwa nje ya kundi. Kwa macho, wote wanne wameshika chupa ileile. Lakini wa tatu ndiye anayetutia hofu zaidi, hata kama anakunywa kidogo kuliko yule wa sherehe. Sherehe huisha, ila jambo linalouma huamka naye kesho yake. Isitoshe, pombe inapomtoka mwilini, ubongo ambao usiku ulitulizwa kwa nguvu hurudi ukiwa na msisimko kupita kawaida, kwa hiyo asubuhi anaamka na wasiwasi mkubwa kuliko aliolala nao. Dawa anayoijua ni ileile ya jana.

Umri nao unachangia. Sehemu za ubongo zinazofuata raha na msisimko huwahi kupamba moto wakati wa balehe, ilhali sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kumwambia mtu "ngoja kwanza", huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Kijana mwenye akili nzuri darasani anaweza kukueleza vizuri madhara ya pombe saa nne asubuhi, kisha saa nne usiku, mbele ya wenzake, akayaweka kando yote. Si kwamba alikudanganya asubuhi.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Majaribio ya panya wa umri wa balehe yameonyesha kwamba usingizi na kuyumba, vitu vinavyomwambia mtu mzima kuwa amefika kikomo, huchelewa kuwapata wadogo, lakini uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu huharibika mapema. Ndiyo maana usilichukulie kama sifa kijana akisema "mimi silewi haraka". Breki yake inachelewa kushika.

Na hata nyumba isiyo na chupa haimzuii mtoto kujifunza kuhusu pombe. Anajifunza kwa matangazo, kwa video za wasanii, kwa wakubwa wanaosema "leo nimechoka, nahitaji moja". Kabla hajaonja tone, tayari anaamini kwamba pombe huleta ujasiri na furaha. Pia vijana wengi hudhani wenzao wanakunywa kuliko wanavyokunywa kweli, maana anayekunywa anaonekana na kusimuliwa, asiyekunywa hana hadithi.

Sasa, pa kuanzia. Kitazame kile kichupa kwanza. Soma ujazo na asilimia ya kileo. Kama ni mililita 200 zenye asilimia 40, ndani yake kuna mililita 80 za kileo halisi, yaani gramu 63 hivi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20. Kwa hiyo kichupa kinachoingia mfukoni ni zaidi ya bia tatu kubwa. Tazama pia kimebaki kiasi gani.

Halafu chagua saa ambayo hajalewa na wewe huna hasira, mkiwa wawili tu. Watoto wa umri huu huzungumza vizuri zaidi mkiwa mnafanya kitu, mnatembea au mnaosha vyombo, kuliko mkiwa mmekaa mnatazamana kama mahakamani. Sema ulichokiona, usiseme unachokidhania: "Nimekuta hiki kwenye begi lako. Sitaki tugombane. Nataka kuelewa kinakusaidia nini." Kisha nyamaza. Ukimya utakuwa mrefu, na ni vigumu sana kwa mzazi kuuvumilia, lakini uache. Akianza kuongea, uliza anakunywa na nani, siku gani, kabla ya jambo gani, na kama amewahi kunywa akiwa peke yake. Kijana anayebeba pombe kwenye begi la shule ana habari tofauti na aliyeonja kwenye sherehe. Huenda anamfichia mwenzake, huenda anakunywa ili aweze kuingia darasani. Hayo ni mambo mawili tofauti na hayatibiwi kwa adhabu moja.

Ukishaelewa, sheria iweke wazi, ifupishe, na ueleze nini kitafuata ikivunjwa. Upole katika kusikiliza hauzuii msimamo.

Mimi naona bora anywe nami nyumbani ajifunze kiasi, kuliko kujificha vichochoroni. Nakosea? – Baba

Nia yako tunaielewa, baba, na wazazi wengi wana mawazo kama yako. Lakini ushahidi haukuungi mkono. Nchini Australia watafiti waliwafuatilia vijana 1,927 kwa miaka sita, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Waliopewa pombe na wazazi hawakukingwa na chochote: walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kuipata pia kwa watu wengine, na wa kunywa kupita kiasi na kupata madhara, kuliko wale ambao hawakupewa na yeyote. Kijana hachukui glasi ya baba kama somo la kiasi. Anaichukua kama ruhusa, na ruhusa hiyo anatoka nayo nje.

Umri wa kuanza nao una uzito wake. Takwimu za Marekani zilizochapishwa miaka ya 1990 zilionyesha kuwa katika walioanza kunywa kabla ya miaka 15, watu 40 kati ya 100 walikuja kuwa tegemezi wa pombe wakati fulani maishani, dhidi ya 10 kati ya 100 kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi. Si yote ni kazi ya pombe, kwa sababu mtoto anayeanza mapema mara nyingi ana matatizo mengine au amerithi wepesi wa kuzoea. Hata hivyo, kila mwaka unaochelewesha ni faida kwake.

Unachoweza kumfundisha nyumbani ni jinsi wewe mwenyewe unavyoishi na pombe. Akuone ukikataa. Akuone ukirudi bila kuendesha. Usimtume kukununulia wala kukufungulia.

Shikamoo. Mwenzetu alizima kwenye sherehe. Tulimwagia maji baridi, tukamnywesha kahawa, kisha tukamlaza chumbani. Aliamka, lakini nimekuwa nikijiuliza tungefanya nini kama asingeamka. – Msichana, miaka 16

Marahaba, mwanetu. Umeuliza swali ambalo watu wazima wengi hawaliulizi. Tutakujibu kwa kirefu.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba mtu akiacha kunywa, ameacha kulewa. Pombe aliyomeza mwisho bado iko tumboni na kwenye utumbo, na kiwango cha kileo kwenye damu huendelea kupanda kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, na hakuna cha kuliharakisha. Aliyekunywa kwa mpigo vichupa viwili vya mililita 200 vya pombe kali ya asilimia 40 ana gramu zaidi ya 120 zinazosubiri foleni. Ndiyo maana mtu anaweza kulazwa akiwa anaongea, na nusu saa baadaye asiweze hata kukohoa.

Kwanza, mwamshe. Mwite kwa jina kwa sauti, mtikise bega, mfinye. Akijibu kwa maneno yanayoeleweka, kaa naye, usimwache. Asipoamka, au akifumbua macho na kurudi kuzimika, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima ukitazama kifua. Zikiwa chini ya 8, au zikikatika kwa sekunde 10 au zaidi kati ya moja na nyingine, hiyo ni hatari ya kufa. Dalili nyingine ni ngozi ya baridi yenye unyevu, midomo au kucha kubadilika rangi kuwa ya bluu au kijivu, degedege, na kutapika huku hajitambui. Usisubiri dalili zote zikamilike. Moja inatosha kuita gari la wagonjwa au kumpeleka hospitali.

Wakati mnasubiri, mlaze ubavu. Piga magoti pembeni yake. Mkono wake ulio karibu nawe unyooshe kando. Mkono wa mbali ulete juu ya kifua hadi mgongo wa kiganja ukae kwenye shavu lililo upande wako, na uushikilie hapo. Kwa mkono wako mwingine likunje goti lake la mbali, kisha livute kuelekea kwako mpaka ageuke. Inua kidevu kidogo ili njia ya hewa ibaki wazi, na mdomo uelekee chini. Akilala chali na kutapika, matapishi huingia kwenye mapafu, kwa sababu pombe imelaza ule mshtuko wa koo unaotukinga sote. Wapo wanaokufa hivyo usingizini baada ya kulewa. Akiacha kupumua kabisa, mrudishe chali na anza kumkandamiza kifua kama unajua jinsi ya kufanya hivyo, au fuata maelekezo ya anayekuhudumia kwa simu.

Na yale mliyoyafanya? Kahawa humfanya mlevi awe macho kidogo, lakini kileo kinabaki palepale, na kumnywesha asiyejitambua ni kumpalia. Maji baridi humshusha joto mtu ambaye mwili wake tayari unapoteza joto. Kumtembeza huishia kwenye kuanguka. Kumtapisha kwa kidole kuna hatari ileile ya kupaliwa. Kibaya zaidi ni kile mnachokiona kuwa huruma: kumlaza peke yake chumbani na kufunga mlango.

Mhudumu atakapofika, mwambieni ukweli wote: alikunywa nini, kiasi gani, saa ngapi, na kama alimeza vidonge vyovyote. Chupa ichukueni muipeleke. Mwambieni pia kama hakuwa amekula, maana pombe hulizuia ini kutengeneza sukari, na kwa vijana sukari ya damu inaweza kushuka hadi kuleta degedege, huku watu wakidhani ni ulevi tu. Kama ilikuwa pombe iliyotengenezwa kienyeji au isiyo na nembo ya kuaminika, taja hilo kabla ya jingine lolote. Pombe ya namna hiyo huweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Mara nyingi dalili zake huja baada ya saa 12 hadi 24, mtu akidhani ni hangova: kuona ukungu au weupe machoni, tumbo kuuma, kuhema haraka. Ikiwahiwa ina tiba.

Tunajua kinachowazuia wengi kuita msaada: hofu ya wazazi. Mzazi unayesoma hapa, mwambie mwanao leo, kabla hajatoka, kwamba akikupigia usiku kuomba msaada kwa ajili yake au mwenzake, utakuja kwanza na kuuliza kesho. Kisha itimize ahadi hiyo.

Kwa nini nikinywa sawa na wavulana mimi nalewa mapema? – Msichana, miaka 18

Kileo husambaa kwenye maji ya mwili, na mwili wako una maji machache. Msichana wa kilo 50 ana lita 25 hivi, mvulana wa kilo 65 ana karibu 39. Gramu 20 za bia moja kubwa zikigawanywa humo, wewe unapata gramu 0.8 kwa kila lita, yeye 0.5. Hapo hatujaweka tumbo tupu, ambalo huruhusu kileo kupita haraka kwenda kwenye utumbo. Ukichanganya na kinywaji cha kuongeza nguvu, kafeini inakuficha usingizi bila kukupunguzia ulevi, na unaongeza glasi ambazo mwili ungezikataa.

Usishindane nao. Ukiamka hukumbuki ulifikaje nyumbani ingawa wenzako wanasema ulikuwa unatembea na kuongea, ujue ubongo uliacha kurekodi. Hiyo ni ishara ya hatari, hata kama wanaicheka.

Ni mwalimu wa malezi. Kila mwaka tunaleta mtu wa kuwaeleza wanafunzi madhara ya ini, na hakuna kinachobadilika. Pia sijui nimtambuaje anayehitaji msaada kweli. – Mwalimu

Ini la miaka 30 ijayo halimtishi mtu wa miaka 15, mwalimu. Linalomgusa ni lililo karibu: picha itakayosambazwa, pikipiki ya kurudi nyumbani, kulala na mtu ambaye hakumtaka, kuachwa kwenye timu. Ongeeni hayo. Na wapeni mazoezi ya kukataa kwa sauti, wawili wawili, kwa sababu "sema hapana" bila maneno ya kusema haimsaidii mtu. Sentensi fupi isiyo na maelezo hufanya kazi vizuri: "Leo sinywi." Anayeongeza sababu anafungua mjadala. Kushika kinywaji kingine mkononi nako hupunguza maswali.

Kwa utambuzi, wahudumu wa afya ya vijana hutumia maswali sita, nawe unaweza kuyauliza faraghani. Umewahi kupanda chombo kilichoendeshwa na mtu aliyelewa, au kukiendesha wewe mwenyewe ukiwa umelewa? Hunywa ili utulie, ujisikie vizuri au ukubalike? Hunywa ukiwa peke yako? Huwa unasahau uliyoyafanya ulipokunywa? Familia au marafiki wamewahi kukwambia upunguze? Umewahi kuingia matatani kwa ajili ya pombe? "Ndiyo" mbili au zaidi ni ishara ya kumpeleka kwa mshauri au kituo cha afya akapimwe zaidi. Si hukumu. Kabla hujauliza, mwambie wazi ni nini utakitunza kama siri na ni nini huwezi kukitunza, mfano hatari ya kujiua. Usimwahidi siri kamili kisha ukaivunja.

Na shule haiwezi peke yake. Mwaka 1998, Aislandi ilikuwa na asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 waliokuwa wamelewa katika mwezi uliotangulia. Kufikia 2016 walikuwa asilimia 5. Hawakufanya hivyo kwa hotuba. Wazazi waliwekeana makubaliano ya pamoja, ikasisitizwa sheria ya watoto wa miaka 13 hadi 16 kuwa ndani ifikapo saa nne usiku majira ya baridi na saa sita majira ya joto, michezo na muziki vilivyosimamiwa vikagharimiwa, na vijana wakaulizwa hali zao mara kwa mara ili mipango ifuate majibu. Ukitaka kuanza na dogo, anza na wazazi wa darasa moja wakubaliane saa ileile ya watoto wote kurudi. Mtoto hupoteza ile hoja ya "mbona fulani anaruhusiwa".

Nina miaka 17. Nilianza kunywa kidogo ili nipate usingizi baada ya msiba nyumbani. Sasa ni kila usiku, na asubuhi mikono inatetemeka. Nataka kuacha leo bila mtu kujua. – Kijana

Pole sana kwa msiba, mdogo wetu, na tunashukuru umeandika. Kutaka kuacha ni sawa. Kuacha leo, ghafla na peke yako, si salama, na sababu ni hiyo mikono. Kutetemeka asubuhi maana yake mwili umeshazoea kufanya kazi ukiwa na pombe. Ukiiondoa ghafla, kati ya saa 6 na 48 inaweza kuja degedege, na baada ya siku mbili au tatu kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo. Hospitali wana dawa za kukuvusha siku hizo, na huongeza vitamini B1 ambayo pombe huimaliza.

Kuhusu usingizi: pombe hukulaza haraka, kisha usiku wa manane hukuamsha na kuivuruga ile sehemu ya usingizi yenye ndoto. Unachokiona kama dawa ndicho kinachokuamsha saa tisa usiku ukiwa na mawazo ya msiba.

Chagua mtu mzima mmoja, si lazima awe mzazi. Inaweza kuwa shangazi, mjomba, mwalimu, au muuguzi wa kituo cha karibu. Ukishindwa kusema, andika kwenye karatasi na umpe: nakunywa kila usiku tangu lini, kiasi gani, asubuhi natetemeka, nilianza baada ya msiba. Mistari hiyo minne inamtosha daktari kuanza. Nenda kesho asubuhi. Hadi hapo usiongeze kiasi, usiache ghafla, na usichanganye na vidonge vya usingizi wala dawa nyingine yoyote ya kutuliza, kwa sababu vikiwa pamoja huzima pumzi. Kula kitu kabla ya kulala, na umwombe mtu alale chumba kimoja nawe. Ikitokea degedege, au ukianza kusikia au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, usisubiri asubuhi.